Yaliyorukwa Katika Wasifu wa Nesi

Siku tuliyomzika Nesi, kamati ya mazishi ilisoma wasifu wake kwa dakika kumi na mbili. Niliangalia saa kwa sababu nilikuwa na hasira. Walitaja alikozaliwa, wakamtaja baba yake na babu yake, shule alizosoma, hospitali alizofanyia kazi, mpaka cheti alichopewa kwa kutochelewa kazini. Pikipiki haikutajwa. Bastola haikutajwa. Wanajeshi aliowapokea na kuwaaga miaka nenda rudi hawakutajwa, ingawa viti vya nyuma vilijaa wazee wa Kizungu wenye ndevu na majaketi ya ngozi, waendesha pikipiki wenzake, na katikati yao amekaa binti yangu Anjela. Wazee wale hawakuelewa neno hata moja la wasifu, na bado walilia kuliko sisi.

Nilimfuata aliyeuandika. "Kaka," akaniambia taratibu, "mengine si ya kusoma mbele ya jeneza."

Basi mimi nitayasema. Ukoo wake mmeshausikia, sina haja ya kuurudia. Nilikuwa katibu wa kanisa letu la Kiswahili pale Vickery Meadow, mitaa ya Dallas iliyojaa maghorofa ya wakimbizi, na ninayo sababu ya kusema. Kati ya watu waliomkosea mama yule, mimi nimekaa mstari wa mbele.

Tulimwita Nesi kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Aliuguza watu majumbani mwao, wazee wa DeSoto na Cedar Hill, vitongoji vya kusini mwa Dallas, wasioweza kutoka kitandani. Aliwafunga vidonda, akawapima presha, akawagombeza kuhusu chumvi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kukukatalia jambo kabla hujaliomba, na ukishamzoea ulitambua kwamba ule ndio uso wake wa furaha pia. Kazini, cheti kilisema kweli, hakuchelewa hata siku moja. Kanisani alichelewa kila Jumapili. Ibada ilianza saa nne, na saa nne na robo tulimsikia anakuja. Mchungaji wetu, Mkongo mpole aliyekimbia vita vya kwao na mkewe mgongoni, alinyamaza katikati ya sentensi, mikono hewani, akingoja mngurumo uzimwe. Mlango ulifunguka, akaingia Nesi na helmeti nyekundu kwapani, kitenge chini, jaketi la ngozi juu. Alikaa kiti cha pili kutoka mbele na kuweka helmeti kiti cha jirani, na hapakuwa na aliyethubutu kuihamisha.

Walimwita jike dume. Walisema mwanamke wa umri ule amekosa mume ndiyo maana amepanda chuma. Alipoambiwa hayo alicheka na kuuliza, je, wao waume zao wanawapeleka wapi.

Pikipiki ile aliachiwa na mgonjwa wake, mzee mmoja wa Cedar Hill aliyeacha mguu vitani akiwa kijana. Siku moja, akimbadilishia bandeji, Nesi alimuuliza alirudije nyumbani kutoka huko vitani. Mzee akamwambia alishuka kwenye ndege na magongo yake, akangoja basi la mjini, akapanda. Hapakuwa na mtu aliyekuja. Nesi alinisimulia habari hiyo miaka kadhaa baadaye, tumesimama kwenye maegesho ya kanisa, na alikuwa bado ana hasira kana kwamba jambo lenyewe lilitokea jana.

"Mguu mmoja, Katibu. Na mfuko wake begani. Kwetu hata aliyekuja kuazima ungo anasindikizwa mpaka njia panda."

Mzee alimfundisha kuendesha akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya gereji, akipiga kelele, naye akimpigia kelele za kumjibu. Majirani walidhani wanagombana. Mzee alipofariki, watoto wake walimpa Nesi pikipiki na namba ya simu ya wale wenye ndevu, kundi la waendesha pikipiki wa upande wa Fort Worth waliokuwa wakiwasindikiza wanajeshi wanaoondoka na kuwapokea wanaorudi. Nesi aliwapigia. Walipomwona Mwafrika mwenye kitenge anaingia kwenye maegesho yao, mmoja alimuuliza kama amepotea njia. Akamjibu kwamba yeye anaijua njia, kama wao wanaijua watangulie.

Vita vya Iraq vilipoanza, alikuwa akienda kiwanja cha ndege kila alipopata nafasi. Siku hizo bastola aliiacha nyumbani imefungiwa, maana sheria za kiwanja alizijua kuliko walinzi wa kiwanja. Wanajeshi wa likizo walitoka mlangoni na vumbi kwenye viatu, na pale walipokuwa wakipigiwa makofi na kupeperushiwa bendera, Nesi aliwapa maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi ya foili. "Pole kwa safari," aliwaambia kwa Kiswahili, vijana wa Oklahoma na Arkansas, nao waliitika "Yes, ma'am" na kula. Aliogopa ngazi za umeme. Mwanamke aliyekuwa akipita malori barabara kuu kwenye mvua alisimama mbele ya ngazi zile kama mbuzi mbele ya maji, kisha akazunguka kutafuta ngazi za kawaida, na wazee wote wenye ndevu wakamfuata nyuma bila kusema kitu.

Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake hawakuielewa mpaka walipoizoea. Akimsindikiza mtu hageuki kabla mtu huyo hajapotea machoni. Basi likiondoka na askari, wengine wanakunja bendera, wanawasha mashine, wanataka kwenda kunywa kahawa. Nesi amesimama. Wanamwita. Amesimama. Mpaka basi limepotea kabisa ndipo anavaa helmeti.

Mimi nilikuwa nikibishana naye sana. Sikuipenda vita ile na siipendi leo. Kwenye sherehe moja ya ubatizo nyumbani kwangu DeSoto nilimwambia mbele ya watu kwamba anashabikia mauaji. Alikuwa anakula pilau. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Hiyo vita mimi siitaki kukushinda wewe," alisema. "Mimi sisindikizi vita, Katibu. Nasindikiza mtu."

Niliona amenikwepa. Sasa naona alinijibu.

Bastola ilikuwa habari nyingine. Alianza kazi saa kumi na moja alfajiri, peke yake, akiingia vichochoro ambavyo hata wapeleka barua walivilalamikia. Jimbo liliporuhusu raia na wakazi halali kubeba bastola iliyofichwa, alisoma darasani, akafanya mtihani, akapiga shabaha mbele ya mkufunzi, akapata leseni. Kijitabu cha sheria kilikaa kwenye mkoba wake pamoja na Biblia, na nadhani alikifungua mara nyingi zaidi. Bastola yenyewe hakumwonyesha mtu. Kijana mmoja kwenye harusi alimbembeleza aione, akajibiwa, "Hii si albamu ya picha." Hakuwahi kumtolea mtu yeyote. Polisi wakimsimamisha barabarani alitoa leseni mbili kwa pamoja, ya kuendesha na ya kubeba, kama sheria ilivyotaka, akaeleza iko kiunoni upande gani, mikono juu ya usukani. Polisi mmoja kijana alitetemeka mpaka Nesi akamwambia apumue. Waliishia kuzungumzia presha ya mama yake.

Jumapili moja aliinama kuokota kitabu cha nyimbo, jaketi likapanda, na mama mmoja wa kwaya akaona mpini. Ibada haikuisha vizuri. Jioni ile kamati ya kanisa ikakaa, na Nesi akaitwa. Mchungaji aliongea macho yakiwa sakafuni.

"Mama, sisi kule tulikimbiaka bunduki. Mimi nilizika watoto wa kaka yangu wawili juu ya bunduki. Sitaweza kuhubiri nikijua iko pale ku kiti ya pili."

"Pole, Mchungaji," Nesi alisema, na alimaanisha. "Haki yako kuikataa. Haki yangu kuibeba. Kama kanisa halitaki, kanisa liseme kwa utaratibu."

Kazi ya kusema nikapewa mimi. Nilichapa karatasi nzuri, kwa Kiswahili sanifu, nikaipigia mstari: NI MARUFUKU KUINGIA NA SILAHA KATIKA NYUMBA YA BWANA. Nikaibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi. Jumapili iliyofuata Nesi alisimama pale, akaisoma mpaka mwisho, akaingia, akakaa kiti cha pili. Baada ya ibada alinifuata na kijitabu chake.

"Katibu, Kiswahili chako kizuri. Ila hakinikatazi. Sheria ya hapa inataka Kiingereza na Kihispania, maneno yaleyale yaliyoandikwa humu, herufi zisipungue inchi moja. Hii yako ni tangazo la kwaya."

Wanakamati walifura. Walisema anatudharau, afukuzwe. Wiki nzima simu yangu haikupoa. Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Nesi aliwahi. Tulipofika tulimkuta mlangoni na mashine ya kutobolea ukuta, anafunga bango kubwa alilolitengenezesha mwenyewe, Kiingereza juu, Kihispania chini, herufi nene. Kanisa zima halikuwa na msema Kihispania hata mmoja, na nusu ya wazee wetu hawakujua Kiingereza. Bango lile lilikuwa linamkataza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anakaza skrubu ya mwisho.

"Nikikatazwa," alisema, "nikatazwe sawasawa."

Kisha akaenda kwenye pikipiki yake, akaifungia bastola kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa nyuma ya kiti, akarudi, akaketi na helmeti yake. Hakuingia nayo tena kanisani mpaka alipohama. Karatasi yangu hakuibandua, aliniachia nione haya kila Jumapili.

Sasa nifike kwa Anjela, maana nimekuwa nikizunguka.

Nilimleta mtoto huyu Marekani akiwa na miaka mitano. Mimi na mke wangu tulikubaliana atasomea ufamasia. Akiwa mdogo alipenda kupanda nyuma ya pikipiki ya Nesi kuzunguka maegesho ya kanisa, na nilimruhusu kwa sababu alicheka sana. Alipofika miaka kumi na tisa, alisimama jikoni kwetu akaniambia, "Baba, nimesha-sign." Jeshi. Nilidhani anatania. Nilimwambia hatukuvuka maji yote yale ili mtoto wetu akabebe bunduki ya watu. Akasema, "It's my country too, Baba." Sikumjibu. Sikumjibu siku ile, wala wiki ile, wala alipomaliza mafunzo. Baadaye alipopangiwa kwenda Iraq, niliendelea na ukimya wangu kama mtu mwenye kazi muhimu.

Nesi nilimpigia simu. Nilimwambia ndiye aliyemtia mtoto wangu wazimu huo na pikipiki zake na bendera zake na bastola yake. Nilimwambia amemuuza mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Anaondoka Jumamosi," akasema, akakata simu.

Jumamosi asubuhi pikipiki kumi na moja ziliingia mtaani kwetu. Majirani walitoka na vikombe vya kahawa. Anjela alitoka na begi lake, mke wangu nyuma yake amejitanda khanga. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nimefunga mlango. Nilimwona binti yangu akigeuza kichwa kuangalia dirisha, mara moja, halafu tena. Nesi alivua helmeti, akaja ndani, akagonga mlango wa chumba.

"Katibu. Mtoto anaondoka."

Nikalishika pazia.

"Katibu, nakusikia unavyopumua."

Nikazuia pumzi. Ni kweli, mtu mzima na mvi zangu, nilizuia pumzi kama mtoto aliyevunja sahani. Alisimama pale kidogo, kisha nikasikia buti zake zikirudi. Mngurumo ukapita chini ya dirisha, ukafika kona, ukaisha. Mke wangu alirudi mchana na kuniambia kitu kimoja tu, kwamba basi la askari lilipoondoka Nesi alisimama mpaka likapotea. Halafu mke wangu akaingia jikoni, na tukawa watu wawili wanaokaa nyumba moja.

Anjela alirudi salama. Nesi alimpokea na maandazi. Mimi niliarifiwa. Alipangiwa kambi ya huko katikati ya jimbo, na akipiga simu alizungumza na mama yake. Nikipokea mimi alisema "Fine" na "Yes" na "Mama yupo?" Nesi naye alihamia Houston kwa mpwa wake, magoti yalipoanza kumsumbua. Sikwenda kumuaga.

Miaka ikapita, kisha siku moja Anjela akapiga na hakuulizia mama yake. Alikuwa anarudishwa vitani mara ya pili.

"Baba, wewe si lazima uje. Just mwambie Nesi, okay? Namba yake ya zamani haishiki. Nataka Nesi aje."

Niliendesha gari kwa muda wa saa nne mpaka Houston. Ningeweza kutafuta namba ya mpwa wake, ila nilitaka kufanya angalau jambo moja mwenyewe, ana kwa ana. Nilimkuta kwenye nyumba ya chini, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mbele yake ile fremu ya chuma ya kutembelea. Pikipiki alikuwa amemuuzia mmoja wa wale wenye ndevu. Leseni ya bastola alikuwa ameiongezea muda mwezi uliopita. "Magoti ndiyo yameisha," alisema. "Macho bado." Alinipima presha bila kuniuliza, akaniambia ninakula chumvi.

Nikampa ujumbe wa Anjela. Alitazama magoti yake.

"Siwezi, Katibu. Saa nne garini, halafu kusimama. Sitaweza kusimama mpaka mwisho, na bila kusimama mpaka mwisho siendi."

 Kisha akaendelea.

"Nilimkataza, unajua. Kabla hajasaini. Alikuja kwangu mara tatu, nikamkataza mara tatu. Nilimwonyesha picha za mguu wa yule mzee. Mara ya tatu alilia. Halafu akaenda kusaini. Akishasaini, ya kukataza yamekwisha, yamebaki ya kusindikiza."

 Miaka yote ile. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinipigia kunisomea hukumu."

Nililia. Nilisema mwanzo kwamba nina hasira na kamati ya mazishi, na ninayo, lakini hasira kubwa ni ile niliyoipata pale Houston, dhidi yangu mwenyewe. Nesi aliniacha nilie. Alinisogezea boksi la tishu kwa ncha ya fremu yake.

Niliposimama kuondoka, naye akasimama. Nikamwambia akae. Akasema nitembee. Alivuta jaketi lake la ngozi kwenye msumari, akalivaa juu ya khanga kwenye joto lile la Houston, na tukatoka. Fremu mbele, mguu, mguu. Fremu, mguu, mguu. Kutoka mlangoni mpaka gari langu palikuwa na mwendo wa dakika moja, sisi tulitumia dakika ishirini. Alisimama mara tatu kupumua, na kila nilipofungua mdomo alininyamazisha kwa kidole. Tulipofika garini jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni.

"Ni lini?"

"Jumatano. Saa moja asubuhi."

"Kaa mbele akuone. Na usigeuke kabla yake."

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona ameishika fremu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, haketi, hapungi mkono, anatazama tu. Nilipokata kona kuingia barabara kubwa bado alikuwa amesimama. Sikumwona tena akiwa hai.

Jumatano, pale kambini kwake, nilikuwa mbele. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo lilikuwa halijatokea siku nyingi. Nilikuwa na maandazi niliyoyapika mwenyewe, mengine yameungua. Wale wenye ndevu walikuwa nyuma yangu na pikipiki zao. Anjela alitokea kwenye mstari na begi lake, akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Nesi yuko wapi?"

"Magoti yamegoma. Amenituma mimi."

Alichukua maandazi. Alifungua karatasi palepale, akang'ata moja lililoungua, akatafuna akinitazama. "Baba, haya ni mabaya sana," alisema, kwa Kiswahili, kisha akanikumbatia mpaka begi likaanguka.

Basi likaondoka. Watu wakakunja bendera, mashine zikawashwa, mzee mmoja mwenye ndevu akanigusa bega na kuniambia kwamba imekwisha, twende tukanywe kahawa. Nikamwambia bado, basi linaonekana.